Kola Iliyoanza Kubana

Mimi ni fundi cherehani, na kwa fundi mwili wa mtu ni namba: bega, kifua, kiuno, nyonga, shingo. Ndiyo maana naona haya kidogo kukiri kwamba mwili wangu ulinipa namba zake wiki kadhaa kabla sijaanguka, nikazisoma vizuri kabisa, kisha nikazirekebisha kwa mkasi.

Blauzi yenyewe nilijishonea, ya kola iliyosimama, shingo inchi 13 na nusu. Niliivaa mwaka mzima bila tatizo. Asubuhi moja kishikizo cha juu kikakataa kufika kwenye tundu lake. Nikasema kitambaa kimesinyaa, hutokea. Ajabu ni kwamba sketi yake, ya kitambaa hichohicho, iliyofuliwa beseni moja na blauzi, ilikuwa inanipwaya kiunoni mpaka naibana kwa pini. Juu kunabana, chini kunapwaya. Fundi mwanafunzi angesimama hapo ajiulize. Mimi nilifumua kola, nikaongeza kipande cha inchi moja, nikapiga pasi, nikaendelea na kazi za watu.

Nilikuwa na miaka 34 na sijawahi kulazwa. Baada ya kola yakaja mengine, moja moja, na kila moja nililipatia sababu. Uso ulikuwa unaamka umevimba, ukifika mchana unashuka, nikalaumu mto. Nikiinama kutafuta sindano iliyodondoka, kichwa kinajaa kama kinataka kupasuka. Nikalaumu umri, kwa miaka 34! Usiku nalowa jasho mpaka shuka linakamulika. Kulala chali ikawa haiwezekani kabisa, kama kuna mtu kanikalia kifuani, nikawa nalala nimekaa, kichwa nimekiegemeza kwenye meza ya cherehani. Na moyo ukawa unakwenda mbio hata nikiwa nimetulia, nafunga vifungo tu.

Nilikwenda kwenye zahanati mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa presha iko chini kidogo na mapigo yako juu kidogo, ninywe maji nipumzike. Mara ya pili niliambiwa nina wasiwasi. Kweli nilikuwa na wasiwasi, nani asingekuwa nao?

Nilianguka kwenye ngazi, kwenye kidato cha nane au cha tisa. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenifikisha hospitali, na mpaka leo anasimulia jinsi midomo yangu ilivyobadilika rangi. Mimi ninachokumbuka ni daktari wa zamu aliyenitazama shingo kabla hajanigusa. Alitazama tu mishipa, imesimama kama kamba ingawa nilikuwa nimekaa wima. Akaweka kipimo chake kifuani, akakihamisha, akakihamisha tena. Akamwambia sista, "Mapigo yanasikika kwa mbali sana." Presha ilikuwa imeshuka. Baadaye nilikuja kujua kwamba mambo hayo matatu yakikutana, presha kushuka, mishipa ya shingo kuvimba na moyo kusikika kwa mbali, yana jina la mtu: Claude Beck, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeyaeleza mwaka 1935. Ni dalili za moyo unaokabwa.

Wakaleta mashine ya eko, ile ultrasaundi ya moyo. Daktari alinigeuzia kioo nione. Palikuwa na weusi mkubwa, na katikati yake kitu kinachezacheza huku na huku kama kifungo kilichobaki na uzi mmoja. "Huo weusi wote ni maji," akasema. "Na huyo anayeelea katikati ndiye moyo wako, dada."

Moyo unakaa ndani ya mfuko mwembamba wa tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo kila mtu ana maji kidogo, mililita 15 hadi 50, ya kulainisha tu. Yakiongezeka haraka, hata mililita 200 zinaweza kuua, kwa sababu mfuko haujapata muda wa kutanuka. Yakiongezeka polepole mfuko hutanuka nayo, na mtu anaweza kubeba lita nzima huku anafanya kazi. Mimi nilikuwa wa kundi la pili. Walinichoma sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, wakaelekeza ncha juu kushoto huku macho yao yako kwenye kioo, wakaacha kijimpira kinachotiririsha kwenye mfuko wa kando ya kitanda. Mililita 300 za mwanzo zilipotoka nilivuta pumzi ikafika chini kabisa, nikalia. Kesho yake jumla ilikuwa mililita 950. Maji yalikuwa na damu, rangi ya kutu.

Kupona kukaanza hapo, na ndiko kulikotuponza.

Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, maji ya moyo maana yake ya kwanza ni TB, na daktari anayewaza hivyo yuko sahihi mara nyingi kuliko anavyokosea. Mimi nilikuwa na kila kitu: jasho la usiku, kukonda, kikohozi kikavu. Maji yalipopimwa yalionekana kujaa limfosaiti, zile seli nyeupe za kinga, na TB nayo huzijaza hivyohivyo. Bakteria hawakuonekana, lakini kwenye maji ya moyo mara nyingi hawaonekani hata wakiwepo, na kuwaotesha maabara huchukua wiki nyingi. Eksirei ilionyesha kivuli kikubwa cha moyo, jambo ambalo kila mtu alilitarajia. Hakuna aliyefikiria kwamba nyuma ya kivuli kikubwa kinaweza kujificha kivuli kingine.

Nikaanzishiwa dawa za TB, zile zinazogeuza mkojo rangi ya chungwa, pamoja na vidonge vidogo vyeupe vya prednisoloni ili mfuko wa moyo usije ukakakamaa. Hilo la prednisoloni halikuwa la kubahatisha. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti mkubwa ulioongozwa na Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini, wa wagonjwa 1,400 wa TB ya moyo barani Afrika, na mojawapo ya matokeo yake lilikuwa kwamba dawa hiyo hupunguza kukakamaa huko. Nilipewa dozi kubwa wiki ya kwanza, kisha ikawa inashushwa kila wiki hadi kuisha wiki ya 6.

Wiki ya pili nilikuwa mtu mwingine. Uso umeshuka, nalala chali, kifua chepesi. Prednisoloni inanyima usingizi na inaleta njaa, basi saa tisa usiku niko macho nashona. Kwa furaha nikaamua kujishonea gauni. Nikachukua futi, nikajipima, nikaandika kwenye daftari la vipimo la wateja, nikatia tarehe kama ninavyomfanyia kila mtu: shingo 13 na nusu. Wiki ya nne nikajipima tena kabla ya kukata kola: 13 na nusu vilevile.

Wiki ya 8, wiki mbili baada ya kidonge cheupe cha mwisho, nililivaa gauni kwa mara ya kwanza. Kola haikufunga. Nikajipima mbele ya kioo mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini na ya pili mkono ulikuwa unatetemeka. Inchi 14 na robo tatu. Dawa za TB nilikuwa bado nameza, sijaruka hata siku moja.

Hilo la kuruka nalitaja kwa sababu ndilo swali la kwanza nililoulizwa niliporudi. "Umeacha dawa?" Sikuacha. "Una uhakika?" Nilikuwa na uhakika. Eko ikaonyesha maji yameanza kurudi. Likatajwa neno TB sugu, na likaja pendekezo kwamba turudishe prednisoloni, maana mara ya kwanza ilinisaidia. Hata mimi nilitaka. Ningeweza kumpigia mtu magoti anipe vile vidonge, jinsi nilivyokuwa nakumbuka usingizi wa kulala chali.

Aliyetuzuia alikuwa daktari kijana, wa mafunzo, aliyekuwa amesimama nyuma ameshika mafaili. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ulianza kuvimba tena lini hasa, kabla ya kuacha vile vyeupe au baada? Nikatoa daftari kwenye mkoba. Nilikuwa nimelibeba kwa sababu nilipitia kazini asubuhi, basi, wala si kwa akili. Akasoma namba zangu, zimeandikwa kando ya suruali ya mteja mmoja, akawaonyesha wakubwa zake.

"Prednisoloni huvimbisha uso," akasema taratibu. "Huyu amepungua akiitumia, amevimba alipoiacha. Naomba tusimrudishie kabla ya picha ya CT, ile eksirei inayoonyesha ndani kipande kwa kipande."

Picha ilionyesha uvimbe wa sentimita 11 nyuma ya mfupa wa kifua, umeukalia moyo kwa juu na kuubana mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani na mikononi. Ndiyo maana shingo. Ndiyo maana uso wa asubuhi, na kichwa kinachojaa nikiinama. Damu ilikuwa inapanda juu inakosa njia ya kurudi. Moyo wenyewe haukuwa na kasoro. Ulikuwa kama jirani anayelalamikia moshi wakati moto uko nyumba ya pili.

Wakachukua kinyama kwa sindano, wakiongozwa na mashine ileile ya CT. Nilisisitiziwa nisimeze prednisoloni hata punje kabla ya siku hiyo, na sababu nilielezwa baadaye, siku ya majibu. Nilisubiri siku 17. Jibu lilikuwa limfoma, saratani ya seli za kinga, aina ya seli B kubwa inayoanzia katikati ya kifua. Huwapata zaidi vijana, wanawake wa miaka ya thelathini wakiwa wengi kati yao. Na daktari wa saratani akaniambia neno ambalo sitalisahau: prednisoloni ni mojawapo ya dawa tano tutakazokupa.

Nilichukua muda kuelewa. Yaani wiki zile sita nilikuwa nikimeza kipande kimoja kati ya vitano vya tiba ya saratani, bila mtu yeyote kujua. Uvimbe ulinywea kwa muda, maji yakakauka, kola ikafunga, sote tukashangilia kwamba dawa za TB zinafanya kazi. Kipande kimoja peke yake hakiponyi limfoma. Huituliza tu, na kinyama kikichukuliwa wakati imetulizwa, mtaalamu wa maabara anaweza asione kitu cha kutaja.

Watu wananiuliza kama nina hasira na yule daktari wa mwanzo. Aliniokoa maisha kwa sindano, nitamkasirikiaje? TB aliyoiwaza ilikuwa wazo zuri. Kinachoniuma ni jambo dogo zaidi: kwenye faili langu, siku niliyoruhusiwa, pameandikwa "anaendelea vizuri", na chini yake hapakuandikwa swali lolote. Hapakuandikwa kwamba bakteria hawajaonekana, turudie picha. Nafuu ilifunga mjadala. Mimi mwenyewe niliufunga, kwa sababu nani anarudi hospitali kuuliza kwa nini amepona?

Wodini nilikuta wenzangu walioletwa na moyo kwa njia nyingine. Baba mmoja wa miaka ya sitini alitibiwa muda mrefu kama mtu wa moyo mnene wa presha, wakati presha yake ilikuwa ya chini. Kuta za moyo zilikuwa nene kwenye eko, lakini kipimo cha umeme wa moyo kilichora mistari midogo, dhaifu. Mambo hayo mawili hayaendani, na mtu alipoyaona pamoja ndipo ikagundulika kuna protini inajipachika kwenye nyama ya moyo, inatoka kwenye seli zilizoharibika za uboho. Mama mwingine alianza kwa damu kuganda mguuni, ikaisha, ikaganda mkononi. Armand Trousseau, daktari wa Paris, alieleza miaka ya 1860 kwamba damu inayogandaganda hivyo inaweza kuwa ishara ya saratani iliyojificha. Mwaka 1867 akaiona kwenye mwili wake mwenyewe, akajua kinachomsubiri, na mwaka huohuo akafa kwa saratani ya tumbo.

Sitaki mtu asome haya kisha ashike kifua usiku kucha. Moyo kwenda mbio kuna sababu mia, na nyingi ni za kawaida: upungufu wa damu, tezi ya shingo, presha, hofu. Hata mfuko wa moyo ukiwaka, yaani ukiumwa na kuvimba, kwa wengi ni virusi vinavyopita. Lakini Denmark walifuatilia watu zaidi ya 13,000 ambao mfuko huo uliwaka ghafla, wakachapisha matokeo mwaka 2017: saratani ilijitokeza kwao zaidi ya ilivyotarajiwa, na hasa miezi 3 ya mwanzo. Kwangu hiyo miezi 3 ndiyo yenye maana. Moyo ukiugua bila sababu inayoeleweka, huo ndio muda wa kurudi na kusumbua watu, hasa kama maji yalikuwa na damu, kama unakonda, au kama yamerudi.

Tiba nitaieleza kwa ufupi, imeshaelezwa na wengi. Mizunguko sita, kila siku 21. Rituksimabu, mojawapo ya zile dawa tano, mara ya kwanza ilinitetemesha meno mpaka wakasimamisha dripu, wakaanza upya polepole. Nywele ziliondoka wiki ya tatu. Dawa za TB zilikuwa zimesimamishwa, kwani bakteria hawakuota hata mmoja maabara, na rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, huingilia dawa nyingine nyingi.

Dawa moja kati ya zile tano lakini siwezi kuipita. Doksorubisini ni nyekundu, nyekundu kabisa ya uzi wa kudarizi, na kwetu sista alikuwa anaisukuma mwenyewe kwa bomba la sindano, taratibu, macho hayatoki kwenye mshipa, kwa sababu ikivuja inaunguza nyama. Saa chache baadaye nikaenda msalani nikaona mkojo mwekundu. Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Mara ya kwanza mkojo wa rangi ulikuwa wa dawa ambayo haikuwa yangu. Safari hii ilikuwa dawa yenyewe. Na dawa hiyo hiyo nzuri hudhuru moyo, kiasi kwamba kuna jumla ya dozi ambayo mtu haivuki maisha yake yote. Kabla ya kuanza walipima kwa eko nguvu ya moyo, yaani asilimia ya damu unayoisukuma kila pigo, katikati wakapima, mwishoni wakapima. Asilimia 62, 60, 58. Ule moyo uliopiga kelele mpaka nikagundulika, sasa ndio sote tulikuwa tunauomba radhi kila baada ya wiki tatu.

Picha ya mwisho wa tiba ilionyesha kovu tu, halina uhai wa saratani. Nina mwaka wa tatu sasa. Eko narudia kila mwaka, na shingo yangu naipima kila mwezi, tabia ambayo dada yangu ananicheka nayo. Ile blauzi bado ninayo. Kile kipande nilichoongeza kwenye kola nimeshakitoa, ila sindano za zamani zimeacha vitundu ambavyo pasi haivifuti.

Yule daktari kijana alitoa nakala ya ukurasa wa daftari, ikawekwa kwenye faili, suruali ya mteja ikiwemo. Mwenye suruali alipotea muda wote nilipokuwa mgonjwa. Alirudi baada ya miezi saba, akaijaribu, haikupanda. Akaniambia nilimpima vibaya. Nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha namba na tarehe. Akaendelea kubisha kwamba kiuno chake hakijabadilika. Nikavuta futi shingoni, nikamwambia asimame vizuri nimpime upya.